Bandominiamu ya Waco: Kazi Zipi Ulipie Fundi, Zipi Ushike Mwenyewe

Shemeji yangu hakuijenga nyumba yake kwa mikono yake yote, wala hakumwachia mkandarasi aijenge peke yake. Alisimama katikati, na hapo ndipo watu wengi hupotezea fedha. Nyumba iko nje kidogo ya Waco, Texas: fremu ya chuma, kuta na paa la bati, futi 40 kwa 60, nusu makazi na nusu karakana. Wamarekani huiita barndominium, neno ambalo Karl Nilsen, mwendelezaji wa makazi wa Connecticut, alilitumia mwaka 1989 kwa kuunganisha ghala la shambani na kondominiamu. Hapa nitaiita bandominiamu, maana banda tunalo tayari. Mwaka 2016 kipindi cha Fixer Upper cha Chip na Joanna Gaines, ambao nao ni wa Waco, kilionyesha nyumba ya aina hiyo, ikawatia watu wengi hamu.

Nilimwomba daftari lake la ujenzi. Kila kazi ameandika nani aliifanya, ilichukua siku ngapi, na kama angerudia uamuzi huo. Nakubaliana naye karibu kote, isipokuwa mahali pamoja.

Kinachomvuta mtu ajaribu mwenyewe katika nyumba ya namna hii ni fremu. Mihimili ya chuma inavuka upana wote wa jengo bila nguzo ya katikati, na uzito wa paa unashuka kwa nguzo za pembeni hadi kwenye msingi. Kuta za ndani hazibebi kitu, labda ukijenga roshani ya ndani juu yake. "Shemeji, ukuta huu ukipinda umepinda tu, hauangushi nyumba," aliniambia huku akiugonga kwa kiganja. Kwa hiyo mbao zote za kuta za ndani alizisimamisha yeye na mkewe. Zile zilizokosewa walizing'oa na kuzipigilia upya, na hasara ilikuwa misumari na jioni mbili.

Jamvi la zege ni habari nyingine kabisa. Udongo wa ukanda ule ni mweusi, wa mfinyanzi, maarufu kwa jina la Houston Black. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kutia mkono. Aliyejenga kwenye udongo wa mbuga Shinyanga, au kwenye udongo mweusi wa Athi River, hahitaji kuelezwa zaidi. Mihimili ya msingi inayokwenda chini ya jamvi ilichorwa na mhandisi, na hapo shemeji hakubishana na bei. Kisha kuna boliti zinazoshika nguzo. Zinazamishwa zege likiwa bichi, nazo lazima zilingane na matundu yaliyotobolewa kiwandani kwenye vitako vya nguzo. Ikihama moja kwa sentimita mbili, siku kreni inapofika nguzo haikai.

Halafu kuna saa. Jamvi la ukubwa ule, likiwa na unene wa sentimita 10, linameza zaidi ya mita za ujazo 22 kabla hujahesabu mihimili ya chini. Lori moja hubeba mita 7 au 8, kwa hiyo malori yanafuatana, na katika joto la Texas zege huanza kukaza ndani ya saa moja na nusu hivi. Watu wanane wanaojuana mikono hulimwaga, hulivuta kwa ubao, hulilainisha, na mapema kabla halijajipasukia hukata mistari ya kila mita mbili na nusu hadi tatu ili nyufa zifuate hapo. Hakuna jirani mwenye koleo anayejifunza kazi hiyo siku hiyo hiyo. Alilipa.

Hata hivyo, kazi yake bora kuliko zote aliifanya siku tatu kabla ya malori kuja, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mabomba ya maji taka yalikuwa yamekwisha kulazwa na fundi mwenye leseni. Shemeji akachukua ramani, akafunga kamba kila mahali ukuta utakaposimama, akapiga magoti na futi na pima maji kuanzia asubuhi hadi jioni. Mteremko ulikuwa sawa, sentimita 2 kwa kila mita. Lakini bomba la choo cha wageni, ambalo katikati yake hutakiwa kuwa kama sentimita 30 kutoka kwenye ukuta uliokamilika, lilikuwa limechomoza pale pale ukuta ungepita. Fundi alilirekebisha kwa saa moja na nusu. Baada ya zege, marekebisho hayo yangekuwa nyundo ya umeme, vumbi na jamvi lenye kiraka. Kisha akapiga picha kila bomba, futi ikiwa imelala kando yake.

Mwenye nyumba anapofikiria kushika kazi mwenyewe, huwaza nyundo na msumeno. Kukagua hakuhitaji leseni wala nguvu, na fundi anayelipwa kwa kazi ana sababu zote za kuharakisha. Ningemwambia kila anayejenga aikatae kazi yoyote nyingine kabla ya kuikataa hii. Na zege lilipokaza, alilimwagilia mwenyewe asubuhi na jioni kwa siku saba, kama alivyokuzwa akiona Tanga.

Fremu na paa vilisimamishwa na kikosi chenye kreni. Kuanguka kutoka juu ndiko kunakoua wajenzi wengi kuliko ajali nyingine Marekani, na mimi sioni akiba inayostahili hilo. Mabati ya kuta aliyafunga na mdogo wake. Kazi ni nyepesi lakini inataka mkono ule ule mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa skrubu ikikazwa mno washa ya mpira inapasuka, ikilegezwa maji yanapenya.

Povu la kupulizia ndani ya bati alimwachia fundi, na hapo alifanya vyema. Usiku wa baridi hewa yenye unyevu ikigusa bati inageuka matone na kulowesha kila kitu, kwa hiyo povu halikwepeki. Ila linatokana na kemikali mbili zinazochanganywa papo hapo; uwiano ukikosewa harufu hukaa ndani ya nyumba, na mvuke wake unaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kiyoyozi hakikuwa na mjadala, maana sheria ya nchi hairuhusu asiye na cheti kushika gesi yake.

Umeme aligawana na fundi. Sheria ya Texas inamruhusu mwenye nyumba kujifungia umeme katika nyumba anayoimiliki na kuishi, lakini nyumba ya chuma ina jambo lake: waya uliochubuka ukigusa fremu, jengo zima linaweza kuwa na umeme. Alitoboa mbao na kuvuta nyaya, fundi akafunga boksi kuu na waya wa ardhi, akapima kila njia. Walipatana hivyo kabla ya kazi kuanza. Fundi anayekuta nyaya za mtu mwingine zikimsubiri ana haki ya kuondoka.

Sasa tulipotofautiana. Jipsamu ya kuta na dari aliipiga mwenyewe, wikendi kwa wikendi, miezi miwili na nusu. Kikosi cha mafundi kingemaliza ndani ya wiki moja. Sisi tumezoea kujenga pole pole kwa fedha taslimu. Boma linaweza kungoja miaka mitatu na halidai kitu. Mkopo wa ujenzi wa Marekani unadai kila mwezi, na mara nyingi una mwaka mmoja tu. Tuseme umeshachukua dola 150,000 kwa riba ya asilimia 8: kila mwezi unaoongeza ni dola 1,000 za riba, juu ya kodi ya nyumba unayopanga. Akiba ya jipsamu iliishia huko, na mgongo ukauma. Wikendi hizo angezitumia kupaka rangi, kulaza vigae na kufunga kabati za jikoni, kazi zisizomzuia fundi mwingine na zinazoweza kumaliziwa mtu akiwa ameshahamia.

Daftarini, kwenye mstari wa jipsamu, ameandika angerudia. Mimi nasema asirudie.

Walihamia mwezi wa 11. Ukuta unaotenga karakana na makazi ulishapigwa jipsamu kwa ajili ya moto, lakini upande wa pili wa karakana bado ni mbao tupu. Anaumalizia mwenyewe, jioni moja moja, na mkopo wa ujenzi umeshafungwa.