Ukame wa Pembe ya Afrika: "Mara Mia" Ilipatikanaje?

Aprili 2023 kundi la wanasayansi liitwalo World Weather Attribution lilitoa ripoti kuhusu ukame uliokuwa umeikaba Pembe ya Afrika. Sentensi moja ilizunguka kila mahali: uwezekano wa kutokea ukame kama ule umeongezeka takriban mara 100 kwa sababu ya joto lililoletwa na shughuli za binadamu. Watangazaji waliisoma, wanasiasa wakaidaka, na mitandaoni wengine wakaibeza. Mimi kazi yangu ni takwimu, na swali linalonikaa kichwani ni jinsi walivyoifikia hiyo mia.

Tukio lenyewe halina ubishi. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kusini mwa Ethiopia, kusini mwa Somalia na mashariki mwa Kenya. Mifugo iliteketea, na watu zaidi ya milioni 20 wakakosa uhakika wa chakula. Uchambuzi uliongozwa na Joyce Kimutai, wakati huo mtaalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya.

Kabla ya hesabu yoyote, lazima mtu aamue anachokipima. Hapo ndipo mchambuzi mzembe huharibu kila kitu. Ukichora mipaka ya ramani kuzunguka zile wilaya tu zilizokauka kupita zote, utapata tukio la ajabu kuliko lilivyokuwa, kwa kuwa umelichagua liwe la ajabu. Ukipanua mno, utachanganya nyika ya wafugaji na milima yenye mvua tele. Walichofanya ni kuchukua eneo moja ambalo misimu yake miwili ya mvua inafanana kotekote, kisha wakauangalia ukame kwa pande tatu: masika peke yake, vuli peke yake, na miezi 24 kwa pamoja, Januari 2021 hadi Desemba 2022. Mgawanyo huo ndio ulioleta jibu la maana, kama tutakavyoona.

Halafu data. Somalia ya miongo ya karibuni ina vipimamvua vichache mno, kwa hiyo wachambuzi wa ukanda huu huegemea sana setilaiti. Mkusanyo unaotumika zaidi ni CHIRPS, uliotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Unaanzia mwaka 1981 na umegawa ardhi katika miraba ya kilomita 5 hivi. Kumbuka kwamba setilaiti yake haioni mvua. Inapima ubaridi wa vilele vya mawingu, ikihesabu yamekaa baridi kwa muda gani, na kutoka hapo mvua inakadiriwa. Njia hiyo inafaa kwa mawingu marefu ya ngurumo. Kwa wingu fupi la pwani, lile linalomwaga maji bila kupanda juu sana, makadirio huwa chini. Ndiyo maana hatua ya mwisho ya CHIRPS ni kuyarekebisha makadirio kwa vipimamvua vya ardhini, pale vilipo.

Kuoanisha viwili hivyo ni kazi ya subira. Kipimamvua cha kawaida katika nchi zetu husomwa saa tatu asubuhi, kwa hiyo milimita zilizoandikwa Jumanne zilinyesha kwa sehemu kubwa Jumatatu. Siku ya setilaiti kwa kawaida huhesabiwa kwa saa za dunia, yaani kwetu inaanza saa tisa usiku. Usipolijua hilo utadhani kipimo kimoja kinadanganya. Ubaya zaidi ni sifuri. Katika daftari la mvua, sifuri maana yake msomaji alikwenda akakuta chombo kikavu. Nafasi tupu maana yake hakuna aliyekwenda. Karani akiingiza nafasi tupu kama sifuri kwenye kompyuta, ametengeneza ukame ambao haukuwapo. Vijana wanaoingia fani hii wakidhani watashinda wakiunda modeli hushangaa kuona muda mwingi unaishia kwenye mambo ya namna hii. Wasishangae.

Data zikishatulia, hesabu yenyewe si ngumu kuieleza. Kila mwaka una kiasi chake cha mvua, na miaka yote kwa pamoja inatoa mchoro wa uwezekano: miaka ya kawaida mingi katikati, ya ukavu mkali michache pembeni. Wanachofanya ni kuuruhusu mchoro huo usogee kadiri wastani wa joto la dunia unavyopanda. Hawatumii kalenda, kwa sababu joto halikupanda kwa hatua sawa mwaka hadi mwaka. Kisha wanauliza mara mbili. Katika dunia ya leo, tukio hili hutegemewa mara moja kila baada ya miaka mingapi? Na katika dunia iliyopoa kwa nyuzi 1.2, kama ilivyokuwa kabla ya viwanda? Ukigawanya uwezekano wa kwanza kwa wa pili unapata ile "mara kadhaa". Zoezi hilohilo linarudiwa kwa modeli za tabianchi, baada ya kuzichuja. Modeli isiyoonyesha kwamba ukanda huu una masika na vuli haina la kutuambia.

Majibu hayakwenda upande mmoja. Kwa masika, mvua haba sasa ina uwezekano mara mbili hivi kuliko zamani. Kwa vuli ni kinyume: ongezeko la joto linaielekeza kwenye mvua nyingi zaidi, ila La Niña, ile hali ya kupoa kwa maji ya Pasifiki ambayo hukausha vuli yetu, ilikaa miaka mitatu mfululizo ikaufunika mwelekeo huo. Ukijumlisha misimu yote, athari ya mabadiliko ya tabianchi kwa jumla ya mvua ya mwaka ni ndogo.

Basi mia imetoka wapi? Imetoka kwenye uvukizi. Kila nyuzi moja ya joto inaiwezesha hewa kubeba mvuke kwa asilimia 7 zaidi, na hewa yenye kiu hiyo hunyonya udongo, majani na malambo. Walipoacha kupima mvua peke yake wakapima mvua ukitoa kinachovukizwa, picha ikageuka kabisa. Upungufu uleule wa mvua, katika dunia iliyo baridi kwa nyuzi 1.2, usingefika kiwango cha kuitwa ukame. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ilikuwa habari kubwa ya ripoti nzima, na ndiyo iliyostahili vichwa vya magazeti.

Kuhusu mia, nina la kusema. Ripoti iliukadiria ukame huo wa miezi 24 kuwa wa mara moja katika miaka 20 hivi kwa hali ya sasa, yaani asilimia 5 kila mwaka. Gawanya kwa 100: unapata mara moja katika miaka 2,000. Hakuna mtu mwenye rekodi za mvua za Garissa au Baidoa za miaka 2,000, na setilaiti zina miongo minne tu. Maana yake namba hiyo imesomwa kwenye ncha kabisa ya mchoro, mahali ambapo hakuna nukta hata moja ya data, umbo la mchoro pekee ndilo linaloongea. Waandishi wenyewe waliiita makadirio ya tahadhari, na hawakudai kuwa ni mia kamili. Ingeweza kuwa kubwa zaidi sana. Anayeitumia mia kana kwamba ni bei ya sukari dukani haielewi, na anayeikataa kwa sababu haikupimwa moja kwa moja naye hajaelewa. Mwelekeo ni imara. Tarakimu ni laini.

Kitakachoifanya iwe ngumu zaidi ni miaka mingi ya vipimo vya ardhini, na mingi ya miaka hiyo ilishaandikwa. Misheni, mashamba ya mkonge na chai, shule na vituo vya kilimo viliweka vipimamvua tangu enzi za ukoloni, na madaftari mengine bado yako kabatini. Kama taasisi yenu inalo moja, pigeni picha kila ukurasa, hata ule ulioliwa na mchwa, mzipeleke kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya au ofisi ya namna hiyo mlipo. Na tafadhali, nafasi zilizoachwa wazi msizijaze.