Kompyuta Ndogo, Skrini ya Zamani: Uchambuzi wa Uunganishaji

Katika maduka ya kuchapa na kutoa fotokopi yaliyo karibu na Chuo Kikuu cha Kisangani, na vilevile katika ofisi za komini ya Makiso, sanduku kubwa la kompyuta huchakaa mapema, ilhali skrini na kibodi vilivyonunuliwa pamoja nalo huweza kudumu miaka mingi zaidi. Kompyuta ndogo ya mezani, yaani mashine kamili isiyozidi ukubwa wa kitabu kinene, hulijaza pengo hilo kwa sababu huuzwa peke yake, utaratibu ambao Apple iliutangaza kwa sauti kubwa Januari 2005 ilipoitoa Mac mini kwa dola 499 bila skrini, kibodi wala kipanya. Kwa mji unaotegemea umeme wa maporomoko ya mto Tshopo, ambao kituo chake kilijengwa miaka ya 1950 na hakitoshelezi tena mahitaji ya wakazi, kuna faida ya pili: sanduku la zamani lilikuwa na pawasaplai ya wati 250 au zaidi, na mashine nyingi ndogo hutosheka na chaja ya wati 65.

Ugumu huanza kwenye kebo ya picha, na chanzo chake ni kwamba umbo la plagi halielezi kila kitu kuhusu mawimbi yanayopita ndani yake. Skrini nyingi za zamani zina tundu la VGA, lenye pini 15 katika safu tatu, ambalo IBM ililileta mwaka 1987. Hupokea mawimbi ya analogi, yaani volti inayopanda na kushuka mfululizo kati ya 0 na 0.7 kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na buluu. Kompyuta ndogo ya sasa hutoa HDMI au DisplayPort, ambazo ni za dijitali, maana yake picha husafirishwa kama namba. Kwa hiyo adapta ya HDMI kwenda VGA lazima iwe na saketi ya kugeuza namba kuwa volti, na saketi hiyo hulishwa na pini ya 18 ya HDMI, inayotoa volti 5 kwa mkondo mdogo sana. Skrini ikiwakawaka au kuzimika kila baada ya muda, adapta yenye waya wa pili wa USB wa kuiongezea umeme mara nyingi humaliza tatizo. Sauti nayo haipiti kwenye VGA, hivyo spika huhitaji waya wake.

Skrini yenye DVI ni rahisi zaidi, kwa kuwa mawimbi yake ya dijitali ni ya aina moja na ya HDMI, na kebo ya kawaida isiyo na saketi yoyote inatosha. DisplayPort ndiyo huwapotosha wanunuzi wengi: tundu lake kwenye kompyuta, likiwa na alama ya DP++, linaweza kutoa mawimbi ya HDMI kupitia adapta ya bei nafuu, lakini adapta hiyohiyo haifanyi kazi ikigeuzwa, yaani kutoka kompyuta yenye HDMI kwenda skrini yenye DisplayPort. Inafaa muuzaji aulizwe mwelekeo wa adapta kabla ya kuulizwa bei.

Kibodi ya USB huingia bila masharti, ila ile ya plagi ya duara yenye pini 6, iitwayo PS/2, huhitaji kigeuzi chenye saketi, isipokuwa kama yenyewe iliundwa kuielewa USB pia. Jambo zito zaidi ni mpangilio wa herufi. Kibodi haitumi herufi. Hutuma namba ya nafasi ya kitufe, na kompyuta ndiyo huamua herufi. Kitufe kilichoandikwa A kwenye AZERTY, kibodi ya Kifaransa iliyozoeleka nchini Kongo, hutuma namba 20, ambayo mpangilio wa Kimarekani huisoma kama Q. Mashine iliyoagizwa kutoka Dubai ikiwa bado na mpangilio huo, neno la siri "maji2" litaingia kama ";qji@", na kwa kuwa skrini huonyesha vitone tu, mtumiaji ataamini kwamba amesahau neno lake. Mpangilio sahihi uchaguliwe kabla ya neno la siri kuwekwa, tena kwa kutofautisha AZERTY ya Ufaransa na ya Ubelgiji, kwani alama ya @ hupatikana kwa AltGr na kitufe cha 0 katika ya kwanza, na kwa AltGr na kitufe cha 2 katika ya pili.

Mashine ikishafungwa nyuma ya skrini, kwa skrubu za matundu manne yaliyopangwa kwa mraba wa milimita 100, swichi yake huwa vigumu kufikiwa, na mafundi wengine huiwekea katika BIOS, programu ya msingi inayotangulia nyingine zote, amri ya kujiwasha umeme unaporudi. Kisangani amri hiyo ina hatari, kwa sababu kompyuta hii haina betri kama ya laptopu, na umeme unaorudi kwa muda mfupi kisha kukatika tena huikuta diski katikati ya kuandika. Bila UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa dakika chache, ni heri ibaki imezimwa hadi mtu aiwashe kwa mkono.