Soko la Mamdani na Mhadhiri wa Mbale

Kitabu cha Mahmood Mamdani, Scholars in the Marketplace (2007), kinachunguza mageuzi ya Chuo Kikuu cha Makerere kati ya 1989 na 2005. Nguvu yake imo katika utofautishaji mmoja. Kudahili wanafunzi wa kujilipia ada ni ubinafsishaji. Kuziachia ada hizo ziamue kozi ipi ibuniwe na idara ipi inawiri ni ubiasharishaji, na la kwanza si lazima lizae la pili. Mamdani anaonyesha jinsi vitivo vilivyogombania wanafunzi, kila kimoja kikijitungia kozi ambazo jirani yake alikuwa na utaalamu zaidi wa kuzifundisha. Hoja hiyo bado imesimama.

Udhaifu wake hujitokeza kinaposomwa kutoka Mbale. Mji huu ulipata Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda mwaka 1988, kabla hata ya kipindi anachokianzia Mamdani. Chuo hicho si cha serikali, wala si kampuni. Kiliasisiwa na jumuiya ya mataifa ya Kiislamu. Leo mjini humo kipo pia Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema, ambacho ni chuo cha umma. Kwa hiyo neno "binafsi", ambalo watunga sera hulitumia kwa wepesi mno, linafunika taasisi ya dini na kampuni ya mwenye mtaji kwa pamoja, ilhali ya kwanza yaweza kustahimili kozi isiyo na faida na ya pili ina sababu ndogo ya kufanya hivyo.

Hata hivyo, pengo kubwa zaidi ni mhadhiri mwenyewe. Kitabuni anaonekana zaidi kama mwanaidara, anayenufaika au kupoteza pamoja na idara yake. Mhadhiri wa muda hana idara ya namna hiyo. Akipanga chumba Namakwekwe, akafundisha chuo kimoja asubuhi na kingine jioni, analipwa saa za darasani tu. Kusoma, kusahihisha na kuandika ni juu yake. Ngazi ya kutoka mhadhiri msaidizi hadi profesa hupandwa kwa machapisho, na machapisho yanadai ule muda usiolipiwa. Anaweza kufundisha miaka kumi, akapendwa na wanafunzi, na bado akabaki cheo kilekile. (Kwamba vyuo hivyohivyo hulalamikia uhaba wa maprofesa ni kinaya ambacho Mamdani angekipenda.)

Sheria ya 2001 iliunda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu na kulikabidhi usimamizi wa viwango vya vyuo vya umma na vya binafsi. Wahadhiri wakihesabiwa chuo kwa chuo, bila majina kulinganishwa, yule wa Namakwekwe anahesabiwa mara mbili: katika takwimu ni wahadhiri wawili, na utafiti wa hata mmoja haupo.