Lenzi ya Hamsini na Gari la Tandale

Mpiga picha wa magari ukimuuliza anatumia lenzi gani, mara nyingi atakutajia chapa na bei. Kwa Tandale, hapa Dar es Salaam, jibu hilo halitoshi. Huku nyumba zilitangulia barabara. Kuanzia Kwa Mtogole hadi Pakacha kuna vichochoro ambavyo mkokoteni ukipita, inabidi usogee barazani kwa watu. Gari likiingia, linaingia kwa kupimiwa: dereva yuko kwenye usukani, vijana wawili wako nje wanagonga bodi kwa viganja, njoo, njoo, kata kulia, njoo taratibu. Likishasimama, unageuka kutafuta pa kusimama wewe, na mgongo wako unakutana na ukuta. Lenzi inachaguliwa hapo, kwa kuangalia nafasi iliyobaki kati ya ukuta na bampa.

Hesabu yake ni nyepesi, na kila anayeipenda kazi hii aifanye walau mara moja kwa mkono wake. Toyota IST ya mwanzo ina urefu unaokaribia mita 3.9. Ukitaka ubavu wake wote uingie kwenye fremu, na nafasi kidogo mbele na nyuma ibaki, unahitaji upana wa mita 5. Kwa kamera yenye sensa kubwa, ile ya upana wa milimita 36, lenzi ya milimita 24 inataka usimame kama mita tatu na kidogo kutoka kwenye gari. Lenzi ya 50 inataka mita 7. Ya 85 inataka karibu 12, na ya 200 inakupeleka umbali wa mita 28, ambao kwa mitaa ya Tandale maana yake ni kupita nyumba za watu watatu wanne. Sensa ikiwa ndogo, kama zilivyo kamera nyingi za vijana wetu, lenzi ya 35 inafanya kazi inayokaribia ile ya 50.

Wengi huamini lenzi pana ndiyo inayovimbisha pua ya gari. Kinachoivimbisha ni umbali. Simama mita 2 kutoka kwenye taa ya mbele ya kona: taa ya nyuma ya upande uleule iko mita tano na nusu kutoka kwako, karibu mara tatu ya umbali, kwa hiyo sehemu ya nyuma ya gari inasinyaa na boneti inakujaa usoni. Rudi nyuma hadi mita 7. Sasa taa ya nyuma iko mita kumi na nusu, mara moja na nusu tu, na gari linarudia umbo ambalo waliolichora walikusudia. Lenzi pana inachofanya ni kukuruhusu usogee karibu kupita kiasi. Kamera kuu ya simu nyingi za leo ni sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 26, na ndiyo maana matangazo ya madalali yamejaa magari yenye pua kubwa na makalio madogo, Noah iliyofupika, Alphard yenye rimu ya mbele iliyogeuka sinia.

Hilo kwangu si jambo dogo. Mtu anatoka Mbagala, kapanda daladala mbili, kaja na hela aliyoikusanya kwa muda mrefu au na shemeji yake anayejua magari. Gari analolikuta linapaswa kuwa lile aliloliona kwenye tangazo. Mpiga picha ni shahidi wa kwanza katika biashara hiyo, kabla ya fundi na kabla ya dalali kufungua mdomo. Lenzi ya 50 naipenda kwa sababu hiyo: inakulazimisha usimame pale ambapo mnunuzi mwenyewe angesimama, zile hatua chache za nyuma ambazo mtu anazipiga bila kufundishwa anapotaka kuliona gari zima kabla hajalisogelea na kugonga tairi.

Swali hilo la pa kusimama linanikumbusha mpiga picha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia hapa Dar es Salaam: alianza na Box Brownie ya mtumba. Kamera ile lenzi yake haibadilishwi; ni kijioo kimoja kilichokaa ndani ya sanduku. Kabla dunia haijamjua kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984, alikuwa kijana anayepiga picha za mashindano ya magari ya Safari, yale yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwenye Brownie alikuwa na uamuzi mmoja tu mkononi: asimame wapi. Nadhani shule hiyo ni nzuri kuliko begi lililojaa lenzi. Aliyejifunza kusimama ataijua lenzi anayoihitaji bila kuambiwa na muuzaji.

Lakini umbo ni nusu ya gari. Nusu nyingine ni rangi, na hapa ndipo kazi inaponoga. Nenda gereji yoyote ya bodi umtazame fundi aliyemaliza kupuliza. Anachuchumaa kwenye kona ya bampa la nyuma, anafumba jicho moja, anapeleka jicho lililobaki kwa mshazari ubavuni hadi kwenye taa ya mbele. Anautafuta waya wa umeme. Waya uko juu ya barabara, lakini taswira yake inapita kwenye rangi mbichi ya milango, na fundi anaufuata kutoka mlango wa nyuma kwenda wa mbele. Ukipita umenyooka, puti ilisuguliwa vizuri. Ukijikunja hata kidogo, kiganja kinakwenda palepale, vidole vinapapasa, na mtoto wa gereji anaitwa alete msasa wa maji. Nimesimama nyuma ya mafundi wa namna hii nikajifunza kuliangalia gari zaidi kuliko nilivyojifunza mahali pengine popote.

Lenzi ya 85 ukiishusha kwenye kona ileile, usawa wa jicho la fundi, inauonyesha waya ule kwa ukali ambao jicho tupu haliufikii. Ukifunga mbele yake kichujio cha polaraizi na kukizungusha, unaweza kuufifisha. Vinafifia pia mabati ya jirani, kanga zilizoanikwa, na mama anayepita na beseni la mihogo kichwani. Kioo cha mbele nacho kinafunguka, viti vinaonekana. Kromu na rimu zisizopakwa rangi hazibadiliki, kwa sababu kichujio hakiwezi kuondoa mng'ao wa chuma kitupu. Mimi hukizungusha hadi kioo kipitishe macho, kisha nakirudisha kidogo ili mlango ubaki na taswira zake. Mlango uliofutwa kila kitu unafanana na plastiki, na jasho la fundi halionekani tena. Na kama waya umepinda, mnunuzi ana haki ya kuuona.

Sokoni Tandale ndipo ninapoiweka 50 pembeni. Fuso imeingia na mahindi au mchele, wapagazi wanapanda na kushuka, kirikuu na maguta yanasubiri zamu. Pale gari si bidhaa, ni sehemu ya kazi, na lenzi ya 35 inawaingiza watu bila kuwakata miguu. Gari la harusi ni kinyume chake: litoe mtaani, lipeleke palipo wazi, kisha rudi nyuma na 85 au 135 mpaka maua ya boneti na uso wa bibi harusi dirishani vikaribiane. Magari yanayokimbia sitayazungumzia sana. Barabara ya Morogoro pale Manzese, mwendokasi unapopita, weka shata kwenye 1/30 au 1/60 ya sekunde, ufuate basi kwa kiuno wala si kwa mikono, na upige picha nyingi.

Vijana huniuliza kuhusu f/1.8 kana kwamba tundu likifunguliwa lote picha inapanda daraja. Kwa uso wa mtu, sawa. Kwa gari lililo mita 7 mbele yako kwa mshazari, f/1.8 itaacha taa ya mbele kali na ya nyuma imefifia. Funga hadi f/8 na gari zima linasimama imara. Mwanga wa Dar unatosha, mradi uepuke mchana jua linapokuwa utosini. Jua letu huzama mapema na kwa haraka mwaka mzima, na vichochoroni kuta hulikata kabla halijazama, hivyo saa kumi na moja tayari unashindana na kivuli.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni mmoja: acha kukopa kwa ajili ya lenzi ndefu ya kuvuta. Tafuta 50 ya mtumba, au 35 kama sensa yako ni ndogo; ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa kwa karibu kila chapa. Kabla hujafika kwenye gari, pima nafasi kwa hatua. Na ukija Tandale, mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla hujaegemea ukuta wake, maana hizo mita 7 utazipata kwa hisani yake.