Masi Kwanza

Muziki wa gari ukianza kukatikakatika, ampli ndiyo inayolaumiwa. Shofere anaizungusha vifungo, anaipiga kofi, kisha anatangaza kwamba imekufa. Fundi wa kweli hata haitazami. Anafungua boneti, anashika vichwa vya batri na kuvitikisa. Kimoja kikilegea, au kikiwa na joto kuliko mwenzake, amepata pa kuanzia.

Nausifu ufundi huo nikiwa na Kabambare, mashariki mwa Kongo, akilini, kwa kuwa huko kubahatisha ni ghali mno. Nyaya za umeme wa taifa hazifiki. Kinacholia harusini na kanisani kinategemea jenereta au batri, iwe ya gari, ya pikipiki, au ile inayochajiwa na pano la sola. Ampli nyingine haipatikani duka la pili. Itafutwe mjini Kasongo, na ikikosekana huko isafiri kutoka mbali zaidi, kwa barabara ambayo masika ni tope na kiangazi ni vumbi jekundu. Anayebadilisha kifaa kizima kwa kudhani tu anakula pesa za watu na wiki zao. Kwa hiyo fundi hana budi kujua kwanza, ndipo afungue.

Na jambo kubwa analolijua ni kwamba volti zilizolala hazithibitishi kitu. Pima ampli ikiwa imezimwa: testeri inasoma 12.6, batri imejaa, shofere anatabasamu. Sasa fungulia sauti. Besi ikigonga, namba inaporomoka hadi 11, hadi 10, ampli inajizima; inapotulia, 12.6 inarudi pale pale. Bila mzigo, hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba unafikisha volti zote. Georg Ohm alishaliweka wazi hilo mwaka 1827. Ampli ikivuta ampea 30 kupitia kiungo chenye kutu, na kiungo hicho kikiwa na ukinzani wa omu 0.05 tu, kiasi ambacho testeri za bei rahisi hazikioni, volti 1.5 zinapotelea hapo. Hizo ni wati 45 za joto kwenye skrubu moja. Vidole vya fundi pale kwenye batri havikuwa mapambo.

Kisha unakuja upimaji ninaoupenda kuliko wote. Fundi hapimi chanya na hasi. Anaacha muziki ulie kwa nguvu, anaweka sindano moja ya testeri kwenye risasi yenyewe ya kichwa hasi cha batri, si kwenye kibanio, na nyingine pale waya mweusi unapoingia kwenye ampli. Panapaswa kusomeka karibu na sifuri. Pakisomeka volti nzima, masi, yaani njia ya hasi inayopita kwenye bodi ya gari, inaumwa. Hapo anaisogeza sindano ya pili hatua kwa hatua: kwenye kibanio, kwenye bodi ya gari, kwenye bolti, kwenye ncha ya waya. Namba inaporuka ndipo penye ugonjwa, na mara nyingi ni bolti iliyokazwa juu ya rangi au kutu. Anakwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, anakaza, anapaka grisi juu. Basi. Hakuna kilichonunuliwa, na ndiyo sababu wateja wengine hununa wakiambiwa bei. Hilo huniudhi.

Kinachoniudhi zaidi ni fizibu iliyofungwa kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fizibu ya pale kwenye batri inaulinda waya usiwake. Ikikatika mara mbili inasema huenda kuna mahali nyaya zinagusana. Kuinyamazisha, tena katika gari lililopakia madumu ya petroli, si ufundi hata kidogo.

Shida ya umeme ni ya zamani kama redio ya gari yenyewe. Ndugu Galvin wa Chicago walipotoa Motorola yao mwaka 1930, taa zake za utupu (valvu) zilitaka volti nyingi kupita batri ya gari, ikabidi zibebewe batri za ziada.

Malori yanayopandisha mizigo kwenda machimbo ya Salamabila yana kisa kinyume: umeme umezidi. Lori linatumia volti 24, batri mbili za 12 zilizofuatana, na redio inataka 12. Njia ya mkato ni kuitoa kwenye batri moja. Inalia vizuri sana. Lakini batri hiyo inatumika peke yake, na dinamo, ambayo inaona jumla tu, inachaji zote kana kwamba ziko sawa: moja inabaki na njaa, nyingine inachemka na kukauka maji. Baada ya muda zote mbili zimeharibika, na lawama inamwendea aliyeziuza. Dawa ipo, kigeuzi cha 24 kuwa 12 kinachonyonya batri zote kwa usawa. Fundi anaieleza, shofere anasikia bei, anasema, "Fundi, si inalia tu?" Na kweli inalia, mpaka asubuhi lori linapogoma kuwaka.