Tone la Januari, la Mei, la Septemba

Kuku wa Singida ana jina kubwa kuliko mkoa wenyewe. Mwenye mgahawa wa Dar es Salaam akitaka kuisifu supu yake ya kienyeji hutaja Singida, na matenga yaliyojaa majogoo na matetea yamekuwa sehemu ya mizigo ya barabara ya kati kwa miaka mingi. Lakini huko anakotoka, kuku huyo huyo amefugwa kwa muda mrefu kama bahati: leo wapo kumi na watano, mwezi ujao wamebaki wawili. Kinachowafuta mara nyingi ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku huanza kwa kuzubaa, manyoya yamesimama, mabawa yananing'inia. Hukoroma, huharisha kijani, na anayechelewa kufa hupinda shingo na kuzunguka pale pale. Katika kundi lisilochanjwa kirusi hiki kinaweza kuua kuku wanane hadi kumi katika kila kumi, na tiba hakina. Nadhani namna mdondo ulivyokabiliwa wilayani Manyoni, mkoani humo, inastahili kuchambuliwa kwa makini, kwa sababu inaonyesha kwamba ubora wa chanjo ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kalenda, na mtu wa kuisimamia.

Chanjo za mdondo zilikuwepo tangu zamani, ila zilitengenezwa kwa mabanda makubwa: kuku elfu wa umri mmoja, friji, umeme. Kijiji hakikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana chanjo ya I-2 ilibadilisha mambo. Kirusi chake hai kisicholeta ugonjwa kiliteuliwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na timu ya Profesa Peter Spradbrow, kwa sifa moja iliyopewa uzito: kustahimili joto. Mbegu yake ilitolewa kwa maabara za nchi zinazoendelea bila kudai malipo ya hakimiliki, na Tanzania ikaanza kuitengeneza yenyewe. Leo kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Kustahimili joto si kutokufa kwa joto, jambo linalosahaulika kirahisi. Chupa iliyoachwa juani haina tofauti na maji. Ila ikifungwa kwa kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini, inafika kijijini ingali na nguvu.

Sanza, Majiri na Iseke ni kata za Manyoni ambako mradi ulioanza mwaka 2014, wa Chuo Kikuu cha Sydney na washirika wa Tanzania, uliunganisha ufugaji wa kuku na lishe ya kaya. Wanakijiji walifundishwa kuchanja, na ratiba ikawekwa: Januari, Mei, Septemba. Uzito wa jambo uko katika miezi hiyo mitatu. Kuku wa kienyeji hutaga na kuatamia mwaka mzima, kwa hiyo kila baada ya miezi minne kundi lina vifaranga ambao hawajawahi kuona chanjo, na kinga ya wakubwa nayo imeanza kushuka. Mzunguko wa Septemba una kazi ya ziada, kwani mdondo hupenda kuibuka kiangazi kinapokaribia mwisho, na kinga huhitaji wiki moja hadi mbili kujengeka. Anayesubiri kusikia kuku wa jirani wamekufa ndipo atafute chanjo amechelewa; kuku aliyekwisha kuambukizwa haokolewi na tone.

Tone lenyewe hutiwa jichoni, na lina adabu zake. Kuku hukamatwa alfajiri, kabla banda halijafunguliwa, maana akishatoka humpati tena. Kichwa hulazwa ubavu, kichupa hushikwa wima ili kila tone liwe na ukubwa ule ule, ncha haigusi jicho, na kuku haachiwi mpaka apepese. Kifaranga wa juzi na jogoo mzee hupata tone moja sawa. Chanjo hii inaweza pia kutiwa katika maji ya kunywa, na wengi huona ndiyo njia rahisi, lakini kuku asiye na kiu hanywi, mnyonge hufukuzwa chomboni, na kinga inayopatikana ni hafifu zaidi. Tena, chupa moja ina dozi za kuku mia au zaidi, na ikishachanganywa haikai siku nyingi. Mama mwenye kuku kumi na wawili hawezi kuinunua peke yake bila hasara. Mchanjaji anayepita nyumba kwa nyumba kwa siku iliyotangazwa, akilipwa kidogo kwa kila kuku, ndiye anayeifanya chupa hiyo iwe na maana kiuchumi.

Wapo wanaosema mwarobaini, shubiri na pilipili viliwatosha wazee. Dawa za kienyeji zinastahili heshima, lakini katika mdondo hakuna kilichothibitika kuzuia vifo, na unafuu unaoonekana huenda ni wa kuku wale wachache ambao wangepona hata hivyo. Antibiotiki za dukani nazo huua bakteria, hazigusi kirusi. Njia mbaya kuliko zote ni kuwahi mnadani na kuku walioanza kuzubaa: wasiponunuliwa hurudi nyumbani, na wakinunuliwa hupanda tenga moja na wazima.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuku waliochanjwa bado wanakufa. Ni kweli. Mwewe na kicheche hawajui chanjo. Ndui hubebwa na mbu na ina chanjo yake, inayochomwa kwenye bawa. Kuhara damu huwamaliza vifaranga kwenye sakafu yenye unyevu. Minyoo, viroboto na utitiri hunyonya taratibu. Tena mdondo ukidhibitiwa kuku huongezeka, banda hubana, na magonjwa ya msongamano hupata nafasi. Ndiyo sababu mchanjaji lazima aseme wazi kabla ya kudondosha: hii ni ya mdondo peke yake. Asiposema, vifaranga wakipata ndui mwezi unaofuata lawama itaiangukia chanjo, na Mei milango itafungwa. Hata hivyo mdondo ndio wa kuanza nao, kwa kuwa gharama ya banda bora, majivu, dawa ya minyoo na pumba inaweza kupotea yote kwa wiki moja ukiachwa.

Juni 2025, huko Bariadi, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, na kuku wa asili wakaingizwa bila malipo. Wengine wanauliza mchanjaji wa kulipwa ana kazi gani tena. Kampeni inaweza kufika kaya ambazo hazijawahi kuchanja, na hilo ni jema kubwa. Lakini tetea aliyeatamia wakati timu inapita atatoka na vifaranga kumi baada ya gari kuondoka, na hao wanahitaji mtu anayeishi kitongojini, anayejua banda liko upande gani wa nyumba, na atakayebisha hodi alfajiri ya Septemba hata kama hakuna gari lililokuja.