Ufagio Haukuwekwa Chini
Machi 2020, Kenya ilipothibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa Korona, shule zilifungwa na wafanyakazi wengi wa ofisi wakahamia nyumbani. Kampuni ndogo za usafi jijini Nairobi zikajikuta bila kandarasi: ofisi tupu haihitaji kupigwa deki kila asubuhi.

Hazikukaa kitako.

Wapo waliojitwika pampu za dawa mgongoni wakaenda kupuliza maduka na matatu. Wengine waligeukia kufua mazulia na makochi majumbani, wakilipwa kwa M-Pesa kazi ikiisha, badala ya kusubiri ankara inayokaa miezi. Wote wanastahili pongezi za dhati, hasa waliogawana zamu chache zilizobaki ili asiachishwe kazi mtu yeyote. Hata sabuni ilibaniwa: ilinunuliwa kwa mtungi, ikapimwa kwa kifuniko.